Maji ya Wageni

Napiga chapa ripoti za watu kwa kompyuta katika kibanda changu mjini, mtaa wa Bwiza. Sikuvuka shule ya msingi. Kazi hii nilijifunza kwa kunakili, ndiyo maana kila sentensi naisoma mara mbili. Ripoti ya mradi wa maji wa kilima chetu, kule kijijini kwa mama, iliyoandaliwa kwa ajili ya uzinduzi, ilipita mikononi mwangu. Ilisema bomba limefika na linatoa maji.

Wakati huo mama aliishi kwangu, akiuguza nyonga aliyoivunja kwenye njia ya kuteremkia chemchemi. Daktari alimkataza kubeba mzigo. Alitaka kurudi kwake. Mimi nilimzuia kwa sababu ya njia ile. Nilipomsomea ripoti, tulifunga virago, akapanda kilimani wiki ya uzinduzi.

Baadaye nilikwenda kumtazama. Robine ya maji ilikuwepo, imejengewa saruji safi, na kipande cha utepe kikining'inia kwenye mparachichi. Niliifungua. Haikutoa hata tone.

Mama alikuwa kitandani. Nilidhani malaria. Jirani anayempikia alinieleza bila hasira, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Mabomba ya kuleta maji kutoka mlimani hayakuwahi kuunganishwa, lakini tangi la robine lilikuwepo na wageni wa uzinduzi walikuwa njiani. Basi kazi ya jamii inayofanywa kila Jumamosi, wiki ile haikuwa kusafisha barabara. Kila nyumba iliambiwa itoe mtu mmoja na bidoni moja ya kuchotea maji, washuke chemchemini, walijaze tangi.

Nyumba ya mama ina mtu mmoja.

"Ulishuka na nyonga hiyo?" nilimuuliza.

"Walitaka mtu, mwanangu. Ningewapa mbuzi?"

Jirani alicheka. Mama naye akacheka, akajishika kiuno. Alisema wageni walinawa mikono, wakapiga makofi, na maji yakakatika kabla magari hayajageuza. Kisha akauliza, kwa upole, kama ile karatasi niliiandika mimi. Nilijibu kwamba niliipiga chapa tu.

"Uliisoma vizuri," alisema. "Mi nilikuamini."

Chini ya kitanda kulikuwa na bidoni ya njano, tupu. Niliichukua nikateremka. Nilipofika pale alipovunjikia nyonga, nilisimama. Nilikuwa sijabeba maji bado, na tayari nilikuwa nimeshika majani ya kando ya njia nisiteleze.