Ogola wa Munyaka, msokota siga aliyefungwa macho

Githeri ya Mama Mwihaki, mahindi na maharagwe, ikianza kutokota upande wa pili wa ukuta, Byron Ogola anajua kazi imeanza. Ananawa mikono, anaikausha kwa taulo, kisha anafunua gunia lililotandazwa chini ya tundu la ukubwa wa sahani ukutani. Mvuke unaingia kupitia tundu hilo polepole. Majani ya tumbaku ambayo jana yalikuwa yakivunjika yakiguswa, leo yamelainika kama kitambaa.

Anachagua jani moja, anaung'oa uti wake wa kati kwa ukucha, analilaza ubaoni na kupanga mengine matatu juu yake. Kisha anaviringisha. Mikono yake haiangalii hata kidogo. Anazungumza na mgeni akimtazama usoni, na kufikia mwisho wa sentensi, siga imekwisha, imenyooka, haina hata kunyanzi.

Siga ni ile ya majani matupu, bila karatasi wala kichungi, ambayo wengi wetu tumeiona tu kwenye sinema ikining'inia mdomoni mwa tajiri. Ukiambiwa kuna mtu anaisokota kwa mkono katika mtaa wa Munyaka, Eldoret, ukuta mmoja na jiko la githeri, utadhani unachezewa. Mimi nilidhani hivyo, hadi nilipoketi mle ndani na kushindwa kuondoka.

"Eldoret ni baridi na hewa ni kavu," anaeleza Ogola, mwenye umri wa miaka 52. "Jani likikauka sana, ukilikunja linapasuka. Nilihangaika na mabeseni ya maji, nikachoka. Halafu siku moja nikaona ukuta wangu umetoa jasho, nikajua ni githeri ya jirani. Nikaenda kwa landilodi, Mzee Gichuru, nikamwomba anikubalie nitoboe."

Mama Mwihaki, ambaye ameuza githeri mtaani humo tangu alipohamia kutoka Nyeri, hakuombwa chochote. Aliamka tu akakuta ukuta wake una tundu.

"Nilimwambia, Baba Bridgit, siku mteja wangu atasema githeri inanuka tumbaku, hiyo shimo nitaziba na wewe ukiwa ndani," anasema, akicheka. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Hakuna aliyefikiria, wakati huo, kwamba harufu inaweza kusafiri upande wa pili.

Ogola alizaliwa Migori, ambako kwao tumbaku ilikuwa kama mahindi yalivyo huku. Kaka yake, Obonyo, bado hupanda kipande kidogo na kumkaushia majani kivulini, kisha humtumia kwa basi. Lakini aliyemfundisha ladha ni bibi yake, marehemu Ayoo, waliyemwita Dani, ambaye alivuta kama walivyovuta akina mama wengi wazee wa huko: upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo.

Ndiyo, ndani. Moto ndani, midomo imefungwa, na mazungumzo yanaendelea.

"Dani angepika, angepepeta, angetugombeza, na moto uko ndani," anasema. "Alikuwa anasema ukivuta kwa nje unaonja moshi, lakini ukivuta kwa ndani unaonja jani. Mimi nikitesti majani mapya, natesti hivyo."

Namwomba anionyeshe. Anasokota jani jembamba kama kalamu, analiwasha, analigeuza, moto unapotea mdomoni. Anafumba macho. Nywele za mikono yangu zilisimama, na sioni haya kuyaandika hayo. Baada ya muda analitoa, likiwa bado linawaka, na kusema jani hilo lilinyeshewa na mvua wiki ya mwisho kabla ya kuvunwa. Tunampigia Obonyo simu. Obonyo anasema ni kweli, mvua ile ilimpata hajajiandaa.

Hata hivyo, ustadi huu haujawahi kumlisha. Siga zake huziuza Sh250 moja, kwa wateja wachache wanaomjua. Riziki yenyewe inatoka katika bohari la mahindi nje kidogo ya mji, ambako hupakia na kupakua magunia. Siku nzuri humpa Sh700. Mgongo wake umeanza kumdai.

Nyumbani nako hapati makofi. Mkewe, Selpha, ni mwimbaji wa kwaya katika kanisa lisilotaka kusikia habari za tumbaku, na hana makosa. Madhara yake kwa mwili yanajulikana. Ogola mwenyewe havuti kwa starehe, na watoto wake wote wanne hawaruhusiwi kuingia katika kile chumba. "Mimi huomba apate kazi nyingine," anasema Selpha. "Lakini nikiona vile anashika hayo majani, naomba polepole."

Aprili mwaka huu, mlango ulifunguka kidogo. Nyokabi Wahome, msimamizi wa vinywaji katika hoteli moja mjini, alikuwa amechoka kuagiza siga kutoka ng'ambo. Moja humgharimu mteja Sh4,500, na mara nyingine hufika zimevunjika. Alisikia habari za Ogola, akaonja moja, akamwita. Alimpa sharti moja: siga yake ipimwe na nyingine mbili, na wapimaji wasijue ipi ni ipi. Ikifanya vyema, hoteli itachukua siga mia moja kila mwezi.

Kwa Ogola, hesabu ilikuwa wazi. Siga mia moja ni Sh25,000. Ni kuagana na magunia.

Siku ya kupima, Nyokabi alipanga siga tatu nyembamba zinazolingana. Moja ilikuwa ya mashine, ile ya Sh150 inayouzwa dukani. Ya pili ilikuwa ya Ogola. Ya tatu ilikuwa ile ya bei, ya ng'ambo. Zote alizizungushia karatasi nyeupe na kuzifunga uzi: nyekundu, kijani na buluu. Wapimaji walikuwa wateja watatu wa hoteli, wakiwa wamefungwa macho kwa vitambaa vya mezani. Mmoja wao alikuwa Mzee Kigen, mkulima wa mahindi kutoka Moiben, ambaye amevuta siga tangu alipouza shamba lake la kwanza.

Ogola aliambiwa asubiri kwenye baraza la nje. "Nilikuwa nasikia tu wanakohoa," anakumbuka.

Wote watatu waliikataa ile ya mashine mara moja. Kisha wawili kati yao, Mzee Kigen akiwemo, wakasema ya uzi wa kijani ndiyo bora kuliko zote. Ilikuwa ya Ogola.

"Nilipenda kwa sababu ilinijia kama kitu cha nyumbani," anasema Mzee Kigen. "Sikujua ni nini. Nilisikia tu nimeshiba."

Hapo mambo yangeishia kwa kupeana mikono. Oda ilikuwa imepatikana. Lakini wapimaji, wakiwa na furaha, walitaka fundi naye aonje. Nyokabi akamwita ndani, akamfunga kitambaa bila kumwambia matokeo, akamkabidhi ya kwanza.

Ogola aliigeuza. Moto ukaingia mdomoni. Wahudumu walisimama na sahani zao mikononi, na mtu wa meza ya jirani aliacha kuku wake.

"Hii ni ya mashine," alisema. "Imekatwakatwa, halafu ikapakwa kitu tamu."

Akapewa ya uzi wa kijani. Alikaa nayo kidogo, akaitoa.

"Hii jani ni nzuri, lakini ni changa. Ametoa mapema. Huyu mtu alikuwa na haraka." Akairudisha tena mdomoni. "Halafu ameweka karibu na jikoni. Iko na maharagwe."

Katika Eldoret nzima, mtu mwenye tumbaku karibu na sufuria ya maharagwe ni mmoja tu.

Hakuna aliyecheka. Nyokabi anasema aliona mabega ya Ogola yakishuka, akataka kumfungua kitambaa. "Nilimwambia, Mzee, hiyo ndiyo imeshinda. Wameipenda. Akaniambia, nipe ya mwisho."

Ya mwisho alikaa nayo hadi ikaanza kumchoma. Aliitoa, akakifungua kitambaa mwenyewe. Macho yake yalikuwa na maji, na hakusingizia moshi. Aliomba sahani, akaizima ile siga, akaifungua jani baada ya jani juu ya kitambaa cheupe, akiyanyoosha kwa kidole kimoja kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa nguo.

"Hilo jani limelala miaka mitatu, labda zaidi," ananieleza sasa, na sauti yake bado imeshuka. "Hakuna mahali palikuwa na ukali. Kuna mtu huko, simjui jina, hataniona na sitamwona, alilima hiyo kitu, akaivuna, akaiacha. Alikuwa na watoto, alikuwa na shida zake, na akaiacha tu ilale. Mimi sijawahi kuacha jani hata miezi minne."

Nyokabi alikuwa tayari na oda. Ogola alimwambia wateja wamependa githeri ya Mama Mwihaki, na kama anataka atamletea namba yake ya simu. Mazungumzo yalichukua muda. Mwishowe walikubaliana siga hamsini kwa mwezi badala ya mia moja, zitoke katika majani yaleyale ya ukutani, kwa kuwa ndizo wateja wanazoulizia. Nusu nyingine ya mavuno ya Obonyo haitasokotwa hadi ilale miaka mitatu.

Majani hayo yako Moiben sasa. Mzee Kigen alimpa Ogola kona katika ghala lake la zamani la mbao, lenye kivuli na ubaridi usiobadilika, mbali na jiko lolote. Ogola ameyafunga marobota, ameyafunika kwa magunia na kuyawekea mitungi ya maji pembeni. Huyatembelea kila mwezi, anaingiza mkono kati yake kupima joto, anaugeuza upande wa chini kuwa juu, anarudi zake.

Na bado anabeba magunia. Sh12,500 za hoteli zinalipa kodi ya nyumba na kupunguza karo, lakini hazitoshi kumtoa boharini. Angetoka mwezi ule ule wa Aprili kama angeyauza majani yote.

Namuuliza Selpha kama hilo halimuumi. Anakunja kanga yake, anafikiri.

"Inaniuma. Ni mimi humpaka dawa mgongo," anasema. "Lakini alirudi ile siku akaniambia ameonja kitu. Hakusema imemshinda, alisema ameonja. Alikuwa na uso wa mtu ametoka kanisani. Nikamwambia, basi ngoja. Miaka tatu si mingi kwa mtu amefurahi hivyo."

Mama Mwihaki, kwa upande wake, amelichukulia jambo hili kwa moyo mkunjufu. Ameandika kwenye ubao wake kwamba githeri yake imeshinda ya ng'ambo.

Mchana unapoingia, Ogola anazifunga siga za leo kwa uzi na kuzipanga katika kasha. Saa nane lori la mahindi litafika boharini, na anatakiwa awe pale. Kabla hajavaa koti, namuuliza anatarajia nini siku atakapoyafungua yale marobota ya Moiben. Kwamba watu waseme yake ndiyo bora?

Anatikisa kichwa.

"Nyokabi ameniahidi atanifunga kitambaa tena. Anipe ile ya bei, anipe yangu," anasema. "Nikiulizwa yangu ni gani, nataka nikose."