Klasi ya Mama Mwalimu

Mwaka nilipata diplome, direktere wa masomo ya primere aliniita. Mama mwalimu wa klasi ya sita alikwenda Sandoa kutafuta mahindi, atarudia nyuma ya juma moja. "Weye uko unaikala bule ku nyumba," alisema. "Utusaidie kwanza." Nikakubali. Mi nilikuwa nangoya barua ya iniversite, juma moja haikuwa kitu.

Juma ikakuwa mwezi. Batoto bane-bane ku banki moja ya kuikalia, kila asubui banasimama: "Bonjour, citoyen ramplasa!" Ni kusema mwalimu wa kushika nafasi ya mwingine. Kiisha banacheka. Sauti ilikauka, miguu ilivimba. Barua ikafika: iniversite inafungula nyuma ya siku kumi.

Ile siku ya mungu nikamuona mama mwalimu ku soko ya Musonoi, nyuma ya mifuko ya mahindi, anauzisha. Ni yeye alinifundisha kusoma, sikuweza kumupandishia sauti.

"Mama, unarudia lini?"

"Mwanangu, mulifika wapi mu kalkil, mu hesabu?"

"Ku fraksio, nusu na robo. Habasikie kitu."

"Ukate muhogo vipande mbele yao. Na ule mwenye kucheka nyuma, umuikalishe mbele, hasikiake muzuri."

Akaniambia mutoto moja-moja, polepole, sawa mama mwenye kuachia ndugu yake batoto. Pale nikajua harudie tena.

"Na iniversite yangu, mama?"

"Batoto beko na egzame mwezi wa sita. Kiisha unaenda."

Ni mwaka muzima wa iniversite unapotea. Nilitaka kukasirika, lakini nilichoka sana. Nikamuuliza tu ule mutoto wa kucheka nyuma anasikiaka na sikio gani.