Mlango wa Buluu wa Mama Veronika

Nakumbuka siku niliyobeba kopo la rangi ya kijani hadi mtaa wa Makiso, kwenda kupaka mlango wa nyumba yangu ya kwanza. Nilikuwa kijana, fundi cherehani, na uasi wa baada ya uhuru ulikuwa umetulia. Nyumba niliinunua kwa mfanyabiashara aliyehama, pamoja na mpangaji wake ndani: Mama Veronika, mwanamke wa Yanonge. Mumewe, mpiga kasia, aliteremka mto wakati wa vita, hakurudi.

Mwanangu, siku zile mji wetu ulikuwa kama mtu anayeota. Tulilala kwenye njia yenye jina moja, tukaamka ina jingine. Hata mji wenyewe ulibadilishwa jina. Mto tu ndio uliobaki mto.

Mama Veronika alipoliona kopo, aliacha kutwanga pondu, majani ya muhogo. Hakulia, hakubishana.

"Papa, ukisema nitoke, nitatoka," alisema. "Lakini mlango uache buluu. Bwana yangu hajue kusoma. Anajua tu ule mlango."

Nikacheka kidogo, nikamwambia nyumba njema si mlango.

"Ni kweli," akajibu taratibu, "kwa mutu iko ndani."

Jioni nilimsimulia Tonton Ramazani, ndugu wa mama yangu, aliyenifundisha kushona. Nilidhani atacheka. Alikata uzi kwa meno.

"Ulinunua ukuta na bati, mutoto. Kungojea ya ule mama haukununua."

Basi ile kijani nikaipaka kwenye kibanda cha kuku. Mama Veronika akabaki mbele, nami nikakaa chumba cha nyuma. Mvua zilikuja, zikaenda. Kila asubuhi aliufuta mlango kwa kitambaa chenye maji, kama anayemnawisha mtoto uso.

Mchana mmoja mzee kutoka Isangi alisimama njiani, akautazama mlango, akabisha. Alikuwa amevuta kasia pamoja na yule mume. Majina mapya ya njia yalimpoteza. Rafiki yake, kabla ya kufa, alimwachia alama moja tu: rangi ya mlango. Mama Veronika aliisikiliza habari ya kifo amesimama, kisha akaketi chini akalia, mara ya kwanza tangu nimjue. Matanga tuliyakalia uani kwangu. Yalipokwisha alikunja mkeka wake, akapanda mtumbwi kurudi kwao.

Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Nyumba ile ilinifundisha vingine. Hata habari ya kifo hutafuta mlango wa kuingilia. Ikiukosa, mtu hungoja hadi kaburini.

Kwa hiyo, mwanangu, ukinunua nyumba yenye mtu ndani, usianze kwa kuvitazama vyumba. Keti naye kwanza. Muulize anaishije humo, na anamngojea nani. Ndipo uamue la kubadili na la kuacha.

Mlango wangu ungali buluu. Kaka yako alitoka kwa mlango huo, katika vita vya baadaye, hajarudi bado, nami huupaka upya kila unapochakaa.

Mungu akujalie nyumba, mwanangu, na kila anayekutafuta aujue mlango wako.