Muhuri wa Nyundo

Kazi ya Nyundo, kwa miaka ishirini na tisa, ilikuwa kugonga boti kuukuu kabla hazijauzwa. Boti hupandishwa nchi kavu, ikawekwa juu ya magogo, naye akalizunguka tumbo lake na kinyundo cha mbao, shubiri kwa shubiri, ametega sikio. Palipo pazima hulia ko, ko. Palipooza, maji yalipojipenyeza ndani ya ganda la faibaglasi, mlio huwa mzito kama wa kugonga mkate. Hakuna aliyenunua yoti pale gatini kabla ya kuona muhuri wake.

Mwaka huo sikio likaanza kumtupa mkono. Birika lilipiga mbinja jikoni mpaka likakauka, naye amekaa papo hapo anasoma gazeti. Mkewe akamsihi aende kwa daktari; akajibu kwamba ana kazi. Kwa watu akawa anacheka wanapocheka wenzake, basi.

Ndipo shemeji yake, dalali wa boti, akamletea yoti ya mita tisa iliyopakwa rangi mpya. Wanunuzi walikuwa mwalimu wa hesabu na mkewe, na binti yao wa miaka saba alikwisha kujichagulia kitanda humo ndani. Nyundo akagonga. Karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, kiganja chake kilihisi kitu kimelegea, ila sikio halikumwambia lolote. Akarudia mara tatu. Shemeji alikuwa nyuma yake, anatazama saa.

"Vipi, shemeji? Watu wanangoja."

"Pazima," akasema Nyundo, akapiga muhuri.

Alikaa na neno hilo siku tatu. Siku ya nne asubuhi akamweleza mkewe yote. Mama wa watu hakupandisha sauti. Alichukua kijiko, akasimama nyuma ya kisogo cha mumewe, akagonga sufuria, kisha akamjia mbele na kumuuliza kagonga mara ngapi.

"Mbili."

"Sita," akasema mkewe. "Vaa viatu."

Walipofika gatini, nafasi ya ile yoti ilikuwa tupu. Mlinzi alisema familia ilitoka alfajiri, mtoto akiwapungia watu mkono. Upepo ulikuwa umegeuka, na maji yameanza kuvimba. Ofisa wa gati akawaita kwa redio. Kimya. Akaita tena, na tena. Mara ya nne mwalimu akaitika, ametulia kabisa, na mke wa Nyundo akawa anamrudishia mumewe kila neno: pampu ya kutoa maji ilikuwa ikinguruma tangu saa moja asubuhi bila kupumzika, nao walidhani ndivyo boti zilivyo.

"Wageuze sasa hivi," Nyundo akasema. "Na mtoto avishwe jaketi la kuokolea."

Walirudi saa nane mchana, pua ya yoti imeinama kama mnyama anayekunywa. Ilipopandishwa juu, fundi aliegemeza bisibisi karibu na mkuku, akaisukuma kwa kidole kimoja, ikazama mpaka kwenye mpini. Maji meusi yakatiririka juu ya viatu vyake. Shemeji mtu akaingia ndani ya gari lake, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu alikuwa amembeba bintiye, ingawa binti mwenyewe alishakuwa mkubwa wa kubebwa. Hakugomba. Alimsogelea Nyundo karibu kabisa, akamuuliza, "Mwaka huu umepitisha boti ngapi?"

Nyundo akaenda nyumbani, akafungua majalada ya boti alizozikagua mwaka huo. Zilikuwa kumi na moja. Akayapanga majalada mezani, na mkewe akachukua simu, maana mumewe asingesikia. Mwenye boti ya kwanza alikuwa hajaishusha majini bado, akashukuru. Wa pili akatukana, akasema ataikagua. Simu ya wa tatu iliita mpaka ikakatika.

Mkewe akapiga tena.