Picha Ambayo Sikuitia Maji

Mnisamehe kwa mwandiko huu, na kwa maneno ambayo nimeyakosea herufi. Shule yangu iliishia darasa la nane na ninaandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Lakini jambo hili nikijaribu kulisema kwa mdomo nachanganya mwanzo na mwisho, kwa hiyo nimeona afadhali niliandike.

Mimi ni Mkenya. Ninafanya kazi za nyumbani hapa Maskati, mtaa wa Mawaleh, kwa familia ya Waomani waliotoka Unguja. Yupo Mama, ambaye ni mjane, na mwanawe anayefanya kazi serikalini. Sebuleni kulikuwa na picha ya maua iliyochorwa juu ya ubao mzito. Marehemu mume wa Mama aliinunua Unguja kwa Mzungu aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili ahame, akaja nayo huku. Kila Alhamisi alasiri, kabla wageni hawajafika, Mama huweka chetezo chini ya picha hiyo akafukiza udi. Maua yalikuwa yamepiga weusi, na wote waliamini kwamba ndivyo yalivyochorwa.

Siku yangu ya kwanza Mama aliniambia, "Hii usiitie maji, mwanangu. Maji yataondoa udi." Akanipa brashi kavu yenye nywele laini. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi, niliipangusa picha kwa brashi ile, kutoka juu kwenda chini.

Kisha mwana akamtumia rafiki yake picha ya ubao ule kwa simu, na rafiki akamtumia mama mmoja wa Kiitaliano. Kazi ya mama huyo ni kutafuta picha za wachoraji wa kwao wa miaka mia tano iliyopita ambazo zimepotea. Nyingine zimechorewa picha mpya juu yake. Nyingine zinajulikana kwa kutajwa tu katika barua za kale. Akaja na masanduku mawili ya mashine.

Kabla hajayafungua, alitazama pembe ya ubao kwa kioo cha kukuzia. Akasema kwa Kiingereza cha taratibu, nami nikaelewa, kwamba pale pamesuguliwa kwa kitu cha majimaji. Mwana akanigeukia.

"Wewe! Umetia nini hapa? Sabuni?"

"Sikutia kitu."

"Nani basi? Jini?"

Nilimtazama Mama. Yeye ndiye aliyenipa brashi. Yeye ndiye aliyenikataza maji. Mama alikuwa akihesabu tasbihi yake, hakuinua macho. Mwana akasema mwezi ukiisha atanirudisha kwa wakala, na sababu ataiandika. Sababu kama hiyo hufika mlangoni kabla yako. Hakuna nyumba ambayo ingenipokea tena.

Kesho yake walifunga mapazia, mimi nikaambiwa nilete chai. Yule mtaalamu wa Kiitaliano alikuwa na kamera inayopokea mwanga ambao jicho letu haliuoni. Mwanga huo hupenya rangi za juu na kuonesha mistari ya mkaa iliyo chini. Kwenye kompyuta maua yakafifia, akatokea mwanamke aliyeinamisha kichwa, na mtoto mapajani. Hata mimi nilimtambua, kwa kuwa yumo katika kalenda ya kanisa letu nyumbani.

"Mama!" mwana akapiga kelele. "Kumbe siku zote unamfukizia Bibi Maryamu!"

"Basi amenukia," Mama akajibu. "Mie nna miaka arobaini namtunza, hata ahsante sijaambiwa."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimeshika sinia, sikucheka.

Halafu mtaalamu akawasha taa ya zambarau. Chini ya taa ile masizi ya udi yalionekana kama shuka jembamba lililotandazwa juu ya picha nzima. Akamwita mwana asogee. Shuka halikukatika popote. Lilikuwa limeingia hata kwenye ile pembe iliyosuguliwa. Kama mtu angelowesha pale karibuni, masizi yangekuwa yametoka.

"Msuguo huu una umri kumpita msichana huyu," akasema.

Hapo ndipo Mama alipokohoa na kukumbuka. Marehemu mumewe, mwaka ule ule walipoitundika, aliisugua kwa ndimu ili ua moja ling'are.

"Alaa," mwana akasema. "Basi yamekwisha."

Yamekwisha kwa nani? Siku nzima nilikuwa mharibifu, na usiku sikulala. Mashine ziliweza kuona mkaa chini ya rangi na moshi juu ya rangi, lakini watu wenye macho mazima walishindwa kuona brashi kavu iliyoning'inia kwenye msumari jikoni.

Ripoti ilipokuja mwana aliwasomea wageni. Ilisema bado haijathibitika kama hii ni moja ya picha zinazotafutwa, mpaka ubao upimwe umri huko Italia. Ila ubao umehifadhika vizuri kwa sababu haukuloweshwa, na familia inapongezwa kwa utunzaji. Familia!

Siku ya kuifunga picha ipelekwe Italia, mtaalamu aliomba kumpiga picha yule anayeipangusa. Mwana akaniita, "Njoo, dada, shika brashi yako, ucheke kidogo."

Nikasimama. Sijui sauti ilitoka wapi. "Sikuitia maji."

"Tunajua, mwanangu," Mama akasema.

"Mlijua tangu lini?"

Mama alirudi kwenye tasbihi yake. Nikaiweka brashi juu ya meza, nikaenda jikoni, na picha ile ya kucheka haikupigwa.

Tangu hapo Mama haniiti mwanangu, ananiita kwa jina. Alhamisi bado anaweka chetezo chini ya ukuta mtupu. Neno samahani sijalisikia, na siwezi kuacha kulingoja. Wenzangu wanasema nilikosa adabu kumuuliza mtu mzima vile, mbele ya mgeni. Ninyi mnaosoma, hata kama mwandiko wenu ni mbaya kama wangu, niandikieni mniambie: nilikosa?