Ukakasi wa Mbegu za Mwaloni

Bi Mal-sun wa kijiji cha Neutgol hakuwa mtu wa kupendwa, lakini muk yake, ile jeli ya mbegu za mwaloni, ilipendwa, naye akaona inatosha. Kila vuli alipanda mlimani na gunia kuokota mbegu za mwaloni. Zenye tundu la funza alizitupa, nzuri chache akawaachia kindi. Kindi aliwahurumia. Hye-ran, mke wa mwanawe, hakuwa kindi.

Nyumbani alizianika, akazimenya, akazisaga, akauloweka unga kwenye beseni. Maji yakigeuka rangi ya chai aliyamwaga, akatia mengine, akaonja. Ukakasi ukiisha ndipo hupikwa uji mzito, ukapoa, ukaganda, ukakatwa vipande. Ukiharakisha, unafunga koo na tumbo pia. Hye-ran akisogea tu, alifukuzwa: "Toka hapo! Ulimi uliolelewa na soda utajua nini?"

Mwaka huu mafua yalimlaza Bi Mal-sun. Alipoinuka, aliloweka unga, akaonja maji ya kwanza, yaliyokolea. Hakusikia kitu. Akalamba siki. Ikawa kama maji matupu. Akaketi sakafuni, hofu imemshika, maana wiki hiyohiyo ukoo ungekuja kumkumbuka marehemu mumewe na kula muk. Nao ni watu wa adabu: ingekuwa chungu kama shubiri, wangemeza na kusifu. Angewalisha uchungu mpaka afe, asijue.

Akageukia mlangoni aliposimama Hye-ran. "Wewe. Njoo uonje."

Hye-ran alitazama nyuma kuona anaitwa nani. Akaonja. "Bado, Mama."

Kesho yake, "Bado." Siku ya tatu maji yalikuwa meupe kabisa. "Bado kidogo."

"Unanikomoa?"

"Nikukomoe kwa chakula nitakachokula mwenyewe?"

Jibu hilo lilimuudhi Bi Mal-sun zaidi. Akamwaga maji tena. Siku iliyofuata Hye-ran aliitikia kwa kichwa, wakapika.

Wageni walikula. Chang-gil, mdogo wa marehemu, akaramba vijiti vyake vya kulia. "Shemeji, mkono wako ni uleule!"

Bi Mal-sun alitafuna kipande chake kisicho na ladha. Angeweza kunyamaza, na Hye-ran angemsitiri.

"Mimi sisikii ladha tena," alisema. "Aliyeonja ni huyu. Bila yeye mngekula sumu mkanisifu."

Watu walimgeukia Hye-ran. Hye-ran akainama, machozi yakamtoka juu ya bakuli.

"Meza kwanza," Bi Mal-sun akamwambia, akimsogezea sahani. "Utapaliwa."