Senene Katika Oveni ya Madam

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyokausha senene katika oveni ya maabara. Usicheke kwamba nakuita mwanangu wakati niko kidato cha tatu na ndevu zangu bado za kubembeleza. Wewe ni wa kidato cha kwanza, kwa hiyo mbele yako mimi ni mzee. Kaa hapo.

Madam wetu wa kemia alikuwa anatengeneza utando wa kuchuja biogesi. Gesi ya kinyesi cha ng'ombe hutoka na mchanganyiko: methani inayowaka, na kabonidayoksaidi inayoulegeza moto. Utando unatakiwa kuipitisha hii ya pili na kuibakiza ile ya kwanza. Umetengenezwa kwa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, na madam alichagua yenye chaji, kwa sababu chaji huvuta unyevu, na unyevu huisaidia kabonidayoksaidi kupenya. Shida ni kwamba chaji hiyohiyo hunywa maji mpaka utando uvimbe na kulegea kama ugali uliomwagiwa mchuzi. Dawa yake ni kuuoka polepole usiku kucha, minyororo ishikane, isiachiane tena.

"Hii oveni isifunguliwe mpaka asubuhi," madam aliniambia, maana ufunguo wa maabara nilikuwa nao mimi.

Jioni ile senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wameshuka hasa. Rafiki yangu Deo akaja na ndoo imejaa, wameshanyonyolewa mbawa na miguu.

"We mzee, oveni inawaka bure na sisi tunahangaikia kuni?"

Nikautoa utando, nikauweka mezani, nikawaingiza senene. "Leo tunakula kisayansi," nikamwambia. Tulicheka mpaka Deo akapaliwa. Tulipomaliza nikazima oveni, nikaurudisha utando ndani, nikaenda kulala.

Asubuhi madam aliuinua kwenye mwanga. Ulionekana mzima kabisa.

"Umeujaribu kwa tone la maji?"

"Nimejaribu, madam. Uko safi."

Mwanangu, sikuwa nimeujaribu hata kwa mate.

Utando ukafungwa nyumbani kwetu Ihembe, kwa sababu tuna ng'ombe na mtambo wa biogesi, na mama alikuwa amejitolea jiko lake. Mimi nikampelekea na pakiti ya senene wale. Moto siku hiyo ulikuwa wa buluu, umesimama wima, mama akapiga makofi. Ile gesi isiyotakiwa ilitolewa kwa kibomba hadi barazani, chini ya bati. Hakuna aliyeiogopa, kwani kabonidayoksaidi haiwaki. Na barazani ndipo dada yangu Kemi, fundi cherehani, alipokuwa akipigia pasi nguo za wateja.

Unyevu wa gesi ukafanya kazi yake kimyakimya. Utando ukavimba, ukachanika, na methani ikapita kwenye kile kibomba, ikajikusanya juu ya baraza. Harufu ya mtambo walishaizoea. Dada akatoka na pasi yake ya mkaa, akaipuliza iwake.

Nilimkuta hospitali, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Daktari alisema hajui kama vidole vitakunjika tena. Dada aliniangalia shati, lile alilonishonea mwenyewe.

"Kifungo kimekatika," akasema. "Sasa nani atakushonea?"



Basi sikia, mwanangu. Chekesha watu utakavyo, hata mimi sijaacha. Lakini kazi uliyokabidhiwa ukiiharibu, sema siku hiyohiyo, wakati bado ni utando tu. Viboko vya madam vingekuwa vimeshapona. Na ukiulizwa kama umejaribu, na hujajaribu, sema hujajaribu. Mungu akuachie mikono yako, na ya dada yako.

Nilimweleza mama yote pale nje ya wodi. Hakupiga kelele. Alikunja khanga yake, akaikunjua, akasema:

"Wale senene wa mwisho nilimwekea yeye, kwa sababu aliwapenda. Sasa ingia umlishe ndizi zake, hawezi kushika kijiko. Akishiba, mwambie ulivyoniambia. Mungu akushike mkono, mwanangu. Mimi leo siwezi."